Wangu, Namba Tisa

4 Februari

Dada yangu kipenzi,

Shikamoo. Huku wote tuko salama. Mama yako, mama mkubwa wangu, anasema hujamwandikia tangu siku ya harusi, na goti lake bado linamsumbua akipanda ngazi. Mama naye anakusalimu. Mimi ndiyo usiulize. Nina wiki tatu za ndoa na kila nikiamka natazama pete kwanza kabla sijatazama saa.

Laiti ungeona vyumba vyetu. Viwili, ghorofa ya pili, dirisha linatazama karakana ya pikipiki, lakini nikishusha pazia naona kama tunakaa ikulu. Pazia nimelishona mwenyewe kwa kitambaa cha pale dukani ninapofanya kazi. Mume wangu alilipima dirisha kwa ile tepu yake ya chuma. Alipima mara tatu, akapata namba tatu tofauti, akachagua ya katikati. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Naye akakaa, tukatazama dirisha lisilo na pazia kama watu waliokwenda sinema. Dada, sikujua kama mtu anaweza kupendwa kimya kimya hivi.

Jana ameondoka kurudi kambini. Siku ishirini na nane kwenu, kumi na nne kwangu. Hesabu hiyo aliipanga nani?

Nina ombi. Wewe ndiye uliyemleta nyumbani siku ile ukasema, huyu ni Mpole, yuko kwenye timu yangu. Sasa nikimwuliza anafanya kazi gani hasa, ananijibu "napima," basi. Niandikie wewe. Anasimama wapi, wakati wa chakula anakaa wapi, jirani yake ni nani. Na akiwa na glavu mikononi, nani anampa maji ya kunywa? Nauliza tu.

Mdogo wako mwenye furaha isiyoenea kwenye karatasi,
Chiriku


20 Februari

Chiriku,

Marahaba. Mwambie mama asipande ngazi bila sababu. Najua anapanda kwenda kuangalia majirani wameanika nini. Barua yako ilifika na lori la Alhamisi, pamoja na mipira ya bomba na magunia ya vitunguu. Simu za huku ni za kazi, kwa hiyo tuvumilie vitunguu.

Umeuliza tunapima nini. Kisima namba nne kina mdomo mmoja juu, lakini chini huko kimegawanyika matawi matatu, kila tawi limeingia kwenye mwamba kwa upande wake. Mafuta ya matawi yote yanapandia bomba moja. Mita iliyo juu inasoma jumla tu. Haijui tawi lipi linafanya kazi na lipi limechoka. Ni kama ndugu watatu wanaotia kwenye chungu kimoja: chungu kikijaa, hujui mvivu ni nani.

Kwa hiyo tuliweka alama, kila tawi na dawa yake isiyoonekana kwa macho. Jumanne tulikifunga kisima kutwa nzima ili dawa ikolee. Kesho yake asubuhi tukakifungua, tukaanza kukinga chupa moja kila dakika kumi. Maabara ndiyo itakayosema dawa ya tawi lipi imefika kwenye chupa ya ngapi. Ikiwahi na kupita haraka, tawi lina nguvu. Ikichelewa, tawi ni dhaifu. Mimi nilikuwa kwenye bomba, Mpole pembeni yangu na kreti. Nampa chupa, anabandika lebo niliyoiandika. Mkaguzi wa makao makuu naye alikuwa anakinga zake upande wa pili. Chai tulikunywa tumesimama. Tulipomaliza tukacheka sana, maana Mpole alikuwa na tone la mafuta kwenye ncha ya pua tangu asubuhi na hakuna aliyemwambia.

Chakula tunakula meza moja ndefu, watu ishirini. Maji anajimiminia mwenyewe. Ana mikono miwili.

Dada yako


8 Machi

Dada,

Shikamoo. Mama Mkubwa hajambo, kapanda ngazi juzi tena. Mama ana mafua. Mume wangu yupo nyumbani siku ya tano leo, na mimi nikitoka dukani sitembei, nakimbia kama ninayefukuzwa. Juzi alinisubiri mlangoni ameshika sufuria, amepika wali ukaungua, akasema ameupenda hivyo hivyo. Nami nikaupenda. Nimeula wote, hata ule wa chini.

Sasa nikuambie. Barua yako nimeisoma mara nne, na mara ya nne nilishika penseli. Tunapima, tuliweka, tulikifunga, tukakifungua, tukaanza. Tulikunywa, tumesimama, tulipomaliza, tukacheka, tunakula. Ukurasa mmoja, "tu" kumi, na sikuhesabu ile ya "jumla tu," wala ile ya kuvumilia vitunguu, maana hiyo ni yangu na wewe. Mimi tangu niolewe nimekula na mume wangu siku ishirini na sita. Wewe umekula naye miaka miwili.

Na yeye kila jambo ni "dada yako husema." Dada yako husema taulo ikunjwe mara tatu. Dada yako husema chai isichemshwe na sukari. Jana nikamwambia dada yangu husema mambo mengi sana. Akanitazama, akasema, "Lakini hilo la chai ni kweli." Nikaenda kusimama jikoni.

Halafu kuna hili. Nilipokuwa nafua, nilikuta kitu chako kwenye shati lake. Sitasema ni kitu gani. Wewe unakijua. Nimekitia kwenye kopo la vifungo, na yeye sijamwambia.

Nakuuliza kwa heshima zote za mdogo kwa mkubwa: kabla yangu, kulikuwa na jambo lolote kati yenu?

Chiriku


2 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, lori limekosa mara mbili. Mama Mdogo mpe pole ya mafua.

Majibu ya maabara yamekuja. Kazi ni nyingi. Mimi niko ofisini siku nzima, Mpole yuko kwenye visima vya mbali pamoja na wengine, chakula nakula peke yangu. Hesabu "tu" za barua hii uone kama utapata hata moja.

Kitu ulichokiokota sikijui. Kama ni kitambaa cha kufutia mikono, vipo mamia na kila mtu anavyo.

Dada


10 Aprili

Dada,

Shikamoo. Wote hawajambo.

Nimepekua, "tu" sikuona. Mtu asiye na la kuficha angeandika kama anavyoandika siku zote. Na swali langu umelipita kama mtu anayemkwepa mdai wake barabarani. Sijui kwa nini nilitarajia vingine.

Haya, nitasema mwenyewe. Mkono wa shati lake la buluu ulikuwa umekunjwa. Nilipoukunjua nikakuta kipande cha karatasi ya gundi kimeng'ang'ania kwa ndani. Mwandiko wako, naujua tangu uliponifundisha kuandika jina langu. Kimeandikwa kwa herufi kubwa: WANGU. Na mbele yake namba: 9.

Usiniambie ni lebo ya chupa. Kiswahili nilikifaulu kidato cha nne, ngeli nazijua. Chupa ni yangu. Kreti ni yangu. Shati ni langu. Wangu ni mtu. Umembandika mume wangu lebo mkononi kama mkoba wa safari, kisha akaja nayo nyumbani, ikalala kwenye begi hadi mimi nikaifua. Na hiyo tisa ni ya nini? Kama yeye ni wako wa tisa, mimi kwake ni wa ngapi?

Siku nzima dukani nakata vitambaa vya watu kombo. Jana mteja alitaka mita tatu, nikampa mbili na nusu, na juu ya hayo nikamtazama vibaya. Ninampenda mno, Dada. Nikisikia buti lake kwenye ngazi, moyo unashuka kumfungulia kabla ya miguu. Ndiyo maana nauliza kwa mara ya pili. Ulimpenda?

Anakuja Jumapili. Sijaamua kama nitamwonyesha.

Chiriku


17 Aprili

Chiriku, mdogo wangu,

Leo sisalimii. Kaa chini usome polepole.

Usikitupe hicho kipande. Usikiloweshe, usikifute. Namba ni tisa kweli? Tazama tena kama si sita iliyopinduka. Sita naipigia mstari chini, tisa siipigii.

Sikukuambia yaliyotokea huku kwa sababu wewe ni mke wa Mpole, na nilitaka ufurahie pazia lako. Sasa inabidi. Chupa zangu zilionyesha alama ya tawi la tatu imefika kwa kuchelewa dakika kumi, maana yake tawi limechoka. Chupa za mkaguzi zilionyesha linasukuma vizuri kabisa. Meneja akasema, huyu mama ana miaka tisa bombani, simshindanishi na mgeni wa wiki moja. Akaniamini mimi, akaamuru tawi la tatu lifungwe. Siku ya pili mafuta yakapungua zaidi ya theluthi. Tulifunga tawi lililo hai.

Tangu siku ile mkaguzi anasema nilikinga chupa nikiwa nasinzia. Likizo yangu imezuiwa, na nimepewa hadi mwisho wa Mei nieleze, nisipoweza nakabidhi vipimo na kwenda kusimamia stoo ya vyakula. Mpole ameulizwa mara tatu, na mara tatu ameapa kwamba alibandika lebo zote kwa mpangilio. Anaapa kwa moyo mweupe. Mimi pia naapa nilikinga kwa mpangilio. Wote wawili wakweli, na chupa ni za uongo. Nimekaa wiki tano natafuta uongo umeingilia wapi, kumbe uko kwenye kopo lako la vifungo.

Kama lebo ya tisa ilibaki mkononi mwake, basi chupa ya tisa ilipewa lebo ya kumi, ya kumi ikapewa ya kumi na moja, na kuendelea hadi mwisho. Kila chupa baada ya nane imesomwa kama imekingwa dakika kumi baadaye kuliko ukweli. Na mimi mwishoni nilisoma lebo ya mwisho tu, sikuhesabu chupa. Hilo ni kosa langu na nitalisema.

Kuhusu ngeli. Palikuwa na mikondo miwili ya kukinga chupa, wa mkaguzi na wangu. Mkondo wangu. Mkoba pia ni wangu, na mguu, na mzigo. Kidato cha nne hukumaliza ukurasa.

Nitumie kwa lori la Alhamisi. Najua ninachokuomba. Ikifika, jina la Mpole litaandikwa. Isipofika, litaandikwa la kwangu.

Dada


25 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Mama Mkubwa yupo kwangu leo, kaja kuangalia pazia, amekaa kwenye kiti anachagua mchele na kunisemesha ninapoandika. Anasema unapenda kazi kuliko kula. Sikumwambia lolote.

Lori la Alhamisi limepita na sikukutumia kitu. Nilikuandikia barua nikasema nimekichoma. Ilikuwa barua nzuri, nilijionea huruma mwenyewe nilipoisoma. Kisha nikaichana.

Siku tatu sikusema naye vizuri. Nilikuwa namtazama akila, nikijiambia huyu ataletwa nyumbani na kosa mgongoni kwa sababu yako, na wewe utabaki huko bombani, mwenye haki, mwenye mkondo wako. Nikajisemea, aende stoo Dada mwenyewe, hana mume wa kumwonea aibu. Ndiyo, niliwaza hivyo. Umenifundisha kuandika, basi pokea.

Jumatano alikuwa amekaa kitandani anafunga kamba za viatu. Nikamwekea kipande kwenye goti. Alikitazama, akainua mkono wa kulia na kuanza kuukunjua mkono wa shati, japo halikuwa hilo shati. Akasema valvu ilikuwa inavuja. Akasema aliibandua lebo, valvu ikaanza kurusha, akaibandika mkononi mwake ili apate mikono miwili ya kukaza, halafu wewe ukamnyooshea chupa akachukua lebo iliyofuata.

Nikamwuliza wakati ule alikuwa anawaza nini. Nilitaka aseme mimi, Dada. Wiki tano tu za ndoa, angeweza kusema mimi. Akasema, "Valvu." Nikaionea wivu hadi valvu.

Nikamwambia najua kinachoweza kutokea, kipande kiko mkononi mwake, nami sitasema neno. Alikitia ndani ya daftari lake la kazi, kati ya karatasi mbili safi, akalifunga. "Nitampelekea meneja mwenyewe," akasema. "Nimeapa mara tatu. Nataka niende nikaseme nilikosea mara tatu." Nilimpenda wakati ule mpaka nikaogopa. Ataondoka Jumapili.

Umeshinda, Dada. Mkondo ni wako. Lakini swali langu bado lipo, na hii ni mara ya tatu. Usinipe ngeli.

Chiriku


16 Mei

Chiriku mpenzi,

Marahaba, na leo naitikia kwa roho yote. Nashukuru kwa kumpokea mama. Usimwache achague mchele jioni, macho yake si ya zamani.

Mpole aliingia kwa meneja Jumatatu na daftari lake. Nilikuwepo. Alisema bila kujipamba. Meneja alimwuliza kwa nini aliapa, akajibu, "Kwa sababu nilikuwa na uhakika." Mkaguzi alicheka, meneja hakucheka. Chupa zangu zilikuwa bado zipo kabatini. Tulizihesabu pamoja: lebo ya mwisho ishirini na tano, chupa ishirini na nne. Lebo ikarudishwa kwenye chupa yake, zote zikashuka namba moja, na michoro miwili ya majibu, wa mkaguzi na wangu, ikalala mmoja juu ya mwingine kama imekatwa na mkasi mmoja. Tawi la tatu lilifunguliwa Jumatano, na linasukuma.

Mpole ameondolewa kwenye kukinga chupa kwa miezi sita. Yuko kwenye kusafisha na kukaza valvu, kazi ambayo kwa siri anaifurahia. Hakufukuzwa. Mimi nimepewa karipio la maandishi kwa kutohesabu, na nimelistahili.

Sasa swali lako.

Ndiyo. Kabla yako, mwaka mzima. Hakujua na hajui. Nilikuwa nangoja nipate namna ya kusema, kama ninavyongoja kipimo kitulie kabla sijaandika. Nikamleta nyumbani ili mama amwone kwanza. Wewe ukatoka jikoni na kibao cha mbuzi mkononi, umejaa nazi mpaka kwenye nyusi, ukaanza kuongea. Hakunitazama tena siku ile. Nilikaa pale nikacheka na ninyi. Kwenye harusi yako nilibeba zawadi kwa mikono yote miwili ili nisilazimike kumpa mkono wa heri.

Nilipoandika WANGU kwenye zile lebo nilimaanisha mkondo. Lakini uliponiandikia kwamba wangu ni mtu, nililiweka daftari pembeni na sikufanya kazi mpaka chakula cha mchana.

Nimeomba uhamisho, nimepewa. Mwisho wa mwezi naenda kwenye visima vipya, mwendo wa siku mbili kutoka hapa. Sikuhamishwa na karipio wala na wewe. Nimechoka kunywa chai nimesimama.

Usimwambie.

Dada yako


2 Juni

Dada,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua hii naipeleka kwenye kambi yako mpya, sijui kama huko nako lori lina vitunguu. Mama yako hajambo. Nilimsomea barua yako nikiruka nilipopaswa kuruka. Akaniuliza mbona umeandika kurasa mbili na mimi nimesoma moja. Nikamwambia mwandiko wako mkubwa.

Nimelia, kisha nikakasirika, kisha nikapika. Nilikasirika kwa sababu nilikuwa sahihi, na kuwa sahihi hakukunipa raha hata kidogo. Miezi minne nilikuwa natafuta neno hilo moja, na nilipolipata sikujua pa kuliweka. Yeye sikumwambia, na sitamwambia. Barua nimeishonea ndani ya upindo wa pazia, kwenye ule upande mzito unaogusa sakafu.

Amekuja tangu Jumanne, mikono inanuka grisi. Ananieleza habari za valvu kama wengine wanavyoeleza habari za watoto wao. Nami nasikiliza, namfuta grisi shingoni, naona dunia yote imenipa zaidi ya fungu langu, na ninajua sasa nani alisogea ili fungu litoshe. Wivu haujaniisha, nisikudanganye. Ukimtaja kwenye barua bado nitashika penseli.

Lakini sikiliza hili. Jana mezani nikamwuliza nani amechukua nafasi yako. Akasema ni binti mmoja kutoka makao makuu, mdogo kuliko mimi, mwepesi wa hesabu. Nikauliza yukoje. Mume wangu akafikiri kwa uaminifu wake wote, akasema, "Ana sauti nzuri."

Dada, rudi. Nakuomba kwa goti la mama yako. Kama lazima awepo mtu wa kukaa naye siku ishirini na nane, nataka awe yule aliyeniambia ukweli.

Mdogo wako,
Chiriku